Kizuri Chajiuza, Lakini kwa Jina la Nani?

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na katika insha tumeiandika mpaka wino ukatuishia. Mimi siipingi. Ila naona kwamba waliotuachia methali hii waliishi wakati ambapo muuzaji na mnunuzi walijuana kwa sura. Ukitaka chungu kizuri ulikwenda kwa mfinyanzi fulani, mlango wake unaujua na baba yake unamjua. Siku hizi unga unasagwa Machakos na uji unapikwa Mombasa, na mpishi hajawahi kumtia machoni msagaji. Kinachowaunganisha ni jina lililobandikwa kwenye mfuko tu. Kwa hivyo kibaya hakina haja ya kujitembeza tena. Kinavaa jina la kizuri, kinakaa kwenye rafu kimetulia, na kinajiuza vile vile.

Hoja yangu ni moja. Jina la biashara ndogo ni mali, sawa na shamba au ng'ombe. Mali hiyo isipoandikishwa mapema, mwenyewe hunyang'anywa siku ile ile inapoanza kuwa na thamani.

Sheria huliita jambo hili alama ya biashara. Ni neno, picha, herufi au mchanganyiko wa hivyo vyote, unaomwezesha mnunuzi kutofautisha bidhaa za mtu mmoja na za mwingine. Wazo lenyewe si geni kwetu Waafrika. Wafugaji wetu wamekuwa wakiwatia ng'ombe chapa za moto na kuwakata masikio kwa namna maalumu tangu zamani, ili ng'ombe akipotea ijulikane ni wa ukoo gani. Ng'ombe wote wana pembe na mkia, lakini chapa ndiyo inayosema huyu ni wa nani. Unga nao ni hivyo hivyo. Unga wote ni unga, ila jina linasema nani ameusaga, na nani wa kulaumiwa ukiwa mbaya.

Nguvu ya jina ni kubwa kuliko tunavyodhani. Nenda dukani jioni usikilize. Mtu anamwambia mwenye duka, "Nipe Omo." Anaulizwa, "Omo gani?" Naye anajibu bila kucheka, "Omo ya Ariel." Mwingine anataka Colgate ya Close-Up! Jina la bidhaa moja limekuwa jina la bidhaa zote za aina hiyo. Wenye majina hayo walitumia miaka mingi na pesa nyingi kuyaingiza vinywani mwetu, na hawakuyaacha bila ulinzi hata siku moja. Je, mama anayeuza sabuni ya maji kwa mtungi pale stendi, jina lake nani analilinda?

Wacha niwaeleze yaliyompata shangazi yangu, maana ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Shangazi anatengeneza unga wa uji wa wimbi, mtama na soya. Alianza kwa kupima na gorogoro sokoni, akiwa na debe mbili tu. Alikuwa akipepeta mwenyewe, akiosha mwenyewe, akianika juu ya turubai na kuchagua mawe moja moja mpaka macho yakamuuma. Watu wakaupenda. Baadaye akaanza kuupakia katika mifuko ya kilo moja, akachorewa karatasi yenye picha ya kibuyu na jina alilolitunga yeye mwenyewe. Jina hilo sitalitaja, kwa sababu aliyeliiga bado yuko sokoni na mimi si hakimu. Baada ya miaka minne wenye vioski walikuwa hawasemi tena "unga wa uji." Walikuwa wanaagiza kwa jina.

Basi mwaka jana ikatokea mifuko mingine. Kibuyu ni kile kile, rangi ni ile ile, na jina limebadilishwa herufi moja tu. Bei ilikuwa chini kwa shilingi ishirini. Ndani mlikuwa na mchanga na harufu ya uvundo. Wateja hawakusoma ile herufi moja. Nani anasoma herufi akiwa na mtoto mgongoni na matatu inapiga honi? Walikuja kwa shangazi wakiwa wamekasirika. "Mama Unga, siku hizi unatuuzia mchanga?" Mmoja alimrudishia mfuko ambao haukuwa wake, akadai pesa zake mbele ya watu. Shangazi alilipa. Alilipia uchafu wa mtu mwingine ili aokoe jina lake.

Alipokwenda kushtaki, aliulizwa swali moja: una karatasi gani? Akatoa leseni ya kaunti. Akatoa cheti cha jina la biashara. Akatoa na karatasi za KEBS. Kuhusu mchanga alielekezwa kwa watu wa ubora, na hilo ni sawa. Lakini kuhusu jina aliambiwa kwamba hakuna hata karatasi moja kati ya zile tatu inayosema kuwa jina na kile kibuyu ni vyake peke yake.

Hapa ndipo wafanyabiashara wetu wengi wanapopotea, na ningependa kila msomaji alishike jambo hili. Leseni ya kaunti inakupa ruhusa ya kuuza mahali fulani. Cheti cha jina la biashara kinaonyesha ni nani hasa anayefanya biashara chini ya jina hilo, ili anayekudai ajue amfuate nani. Alama ya KEBS inasema bidhaa imefikia kiwango. Zote ni za lazima na zote zina kazi yake. Lakini haki ya kumzuia mtu mwingine asibandike jina lako kwenye bidhaa yake inatoka katika karatasi ya nne, yaani cheti cha alama ya biashara, ambacho hutolewa chini ya Sheria ya Alama za Biashara, sura ya 506 ya sheria za Kenya. Anayekitoa ni KIPI, taasisi ya serikali ya haki miliki za viwanda iliyoko South C, Nairobi.

Haki lazima isemwe: sheria haimtupi kabisa asiyesajili. Anaweza kwenda mahakamani kumshtaki mtu anayejifanya yeye. Ila itambidi athibitishe kwamba jina lake linajulikana kwa wanunuzi, kwamba wanunuzi wamedanganywa, na kwamba yeye amepata hasara. Hiyo ni kazi ya mashahidi, wakili na miezi mingi. Mwenye cheti anaonyesha cheti. Isitoshe, tuna sheria ya mwaka 2008 ya kupambana na bidhaa bandia. Mtu akipatikana na hatia kwa mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi miaka mitano, au kutozwa faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja ya bidhaa hizo, au vyote viwili. Lakini panga hilo linakata vizuri mikononi mwa aliyejiandikisha.

Yamkini kuna msomaji anayesema, "Hayo ni maneno ya pesa tu, ya wenye biashara." La hasha! Ni maneno ya mlaji pia. Sisi wa Ukambani hatujasahau mwaka 2004, mahindi yaliyoota ukungu yalipoleta sumu ya aflatoksini katika sehemu hizi zetu. Watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki. Sisemi kwamba alama ya biashara ingezuia msiba ule, kwa maana mengi ya mahindi yale yalitoka katika ghala za nyumbani. Nasema kwamba chakula kinaweza kuua, na mnunuzi ana haki ya kujua kwa hakika ni nani aliyekitengeneza. Jina likiwa la kila mtu, hakuna wa kuulizwa.

Sasa mambo yenyewe yanakwendaje? Si uchawi. Kwanza unaomba daftari lipekuliwe, uone kama kuna mwingine aliyesajili jina kama lako au linalofanana nalo. Pili unapeleka ombi, ukieleza alama yako na bidhaa zake. Bidhaa na huduma zote za dunia zimegawanywa katika makundi 45: kundi la 1 hadi la 34 ni bidhaa, na la 35 hadi la 45 ni huduma. Sabuni iko kundi la 3, nguo kundi la 25, unga na asali kundi la 30, na hoteli za chakula kundi la 43. Tatu, afisa analichunguza ombi. Likikubaliwa linatangazwa katika jarida la taasisi, na kwa siku 60 mtu yeyote mwenye kinyongo anaweza kulipinga. Asipotokea mpinzani unapewa cheti. Cheti hicho hudumu miaka 10, na unaweza kukifufua kila baada ya miaka 10 hata milele. Ila usilikalie jina kama kuku anayeatamia mawe. Ukikaa miaka mitano mfululizo bila kulitumia, mtu anaweza kuomba lifutwe.

Jambo jingine linatuhusu hasa sisi wa Chama cha Kiswahili, nalo ni kuchagua jina. Wauzaji wetu wanapenda majina ya kujisifu: Unga Bora, Sabuni Safi, Mkate Mtamu. Majina kama haya aghalabu msajili huyakataa, na ana sababu. "Bora" na "tamu" ni maneno ya wote. Ukimpa mtu mmoja neno "tamu," wenzake watauzaje mikate yao? Jina linalolindika vizuri ni lile lisilotaja bidhaa yenyewe. Jogoo hasagi mahindi, na ndiyo maana Jogoo ni jina zuri la unga. George Eastman alipotaka jina la kamera zake mwaka 1888 alitunga neno Kodak, ambalo halikuwa na maana yoyote. Nayo M-PESA, iliyoanza Machi 2007, ilichukua herufi moja ikaibandika kwenye neno letu la kila siku, na leo inajulikana nje ya Kenya. Kiswahili kina tanakali za sauti, misimu, vitendawili na majina ya ndege na miti tele. Ghala limejaa. Kwa nini tuendelee kugombania "Bora"?

Tukilala, wengine wataingia katika ghala hilo kabla yetu. Mfano mnaujua. Maneno "hakuna matata" yaliimbwa hapa kwetu na Them Mushrooms katika Jambo Bwana mwaka 1982. Mwaka 1994, filamu ya The Lion King ilipotoka, kampuni ya Disney iliomba kuyasajili Marekani kuwa alama yake ya fulana, na mwaka 2003 ikapewa cheti. Mwaka 2018 watu wengi walitia sahihi barua ya kulalamika, na katika Afrika Mashariki tulichemka kweli kweli. Binafsi naelewa hasira ile. Lakini tuseme ukweli: cheti cha Marekani hakimzuii mtu wa Lamu kusema hakuna matata, wala hakina nguvu Kenya, kwa sababu alama ya biashara hufungwa na nchi na aina ya bidhaa. Kinachoniuma mimi ni kwamba sisi tulianza kupiga kelele miaka kumi na mitano baada ya cheti kutolewa.

Linganisha na habari za kikoi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili huko neno "Kikoy," yaani jina la vazi ambalo babu zetu wa pwani wamelifunga kiunoni vizazi na vizazi. Safari hii watu walikuwa macho. Ombi lilipingwa kwa niaba ya wafumaji na wauzaji wa Kenya, na mwaka 2008 kampuni ikaliacha. Tofauti ya visa hivi viwili ni kwamba katika kimoja mtu alipinga mapema. Na kwa anayetaka kuuza nje, Kenya ni mwanachama wa mpango wa kimataifa wa Madrid tangu mwaka 1998, ambao humwezesha mtu kuomba ulinzi katika nchi nyingi kwa ombi moja.

Wapo wanaobisha. Wa kwanza anasema kuiga si wizi, kwa maana hata jua kali ilikua kwa fundi kuangalia kazi ya fundi mwenzake. Nakubaliana naye nusu. Sheria haimkatazi mtu yeyote kusaga unga wa wimbi na soya. Iga ufundi, chukua hata wateja ukiweza, lakini andika jina lako. Kama unga wako ni mzuri, mbona unauficha chini ya jina la shangazi yangu?

Wa pili anasema sheria hii ni ya matajiri, na kwamba kampuni kubwa huitumia kuwatisha wadogo. Huyu ana hoja nzito. Mwenye mawakili kumi anaweza kumwandikia barua kali mwenye kioski mpaka akafunga duka kwa hofu tu. Ada nazo zinalipwa hatua kwa hatua: kupekua, kuomba, kutangaza, kupewa cheti, na ukitaka kundi la pili la bidhaa unaongeza. Jumla yake ni maelfu ya shilingi, na kwa mtu anayepata faida ya shilingi kumi kwa kila mfuko hizo ni pesa za karo. Lakini dawa ya upanga ulio mkononi mwa mkubwa ni kumpa mdogo ngao. Wasiojiandikisha ndio wanaotishwa kwa urahisi. Na wasioweza mmoja mmoja wanaweza kwa pamoja. Wasusi wa vikapu wa Taita wana alama ya pamoja, kikundi kizima chini ya jina moja. Chama cha akina mama kinachochangishana kila Jumamosi kingeweza kufanya vivyo hivyo.

Wa tatu hasemi kitu, lakini viatu vyake vinasema. Humu humu shuleni kuna watu waliovaa Adidas ya mistari minne na wanajivuna nayo, ilhali wenyewe wana mistari mitatu. Ndugu zangu, hatuwezi kumlilia shangazi huku tukiwalisha waigaji. Mkono unaonunua bandia ndio unaozaa bandia.

Basi ninapendekeza mambo matatu. La kwanza, maafisa wa biashara wa kaunti, wanapomwandikia mtu leseni, wamweleze kwamba leseni hiyo hailindi jina lake, na wamwonyeshe pa kwenda. Ni maneno ya dakika mbili. La pili, serikali ipunguze ada kwa mfanyabiashara mdogo anayesajili alama yake ya kwanza. Mtu wa Machakos anaweza kupanda matatu moja akafika Nairobi, lakini mwenzetu wa Lodwar au Mandera je? Ni kweli siku hizi maombi hupelekwa hata kwa mtandao, lakini mtandao nao una gharama na unataka mtu anayeuelewa.

La tatu ni letu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inasema kwamba lugha rasmi za Kenya ni Kiswahili na Kiingereza. Lakini fomu za kuomba alama ya biashara zimeandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili. Shangazi yangu alisoma mpaka darasa la saba. Uji wake ni mtamu kwa lugha zote, ila fomu ile ilimshinda, akasubiri mpaka akapatikana wa kumjazia. Sasa ombi lake limepelekwa na anangoja. Chama chetu kina watu wanaojua kutafsiri. Tuandike mwongozo wa kurasa mbili kwa Kiswahili rahisi, mwalimu wa somo la biashara atukagulie, kisha tuupeleke sokoni siku ya gulio. Kazi hiyo itatufaa kuliko mashindano mengine ya kuimba ngonjera kuhusu umuhimu wa Kiswahili. Hapo Kiswahili kitaonyesha umuhimu wake chenyewe.

Nanyi mnaosuka nywele wikendi, mnaokaanga viazi, mnaochora fulana, na wewe wa kidato cha pili unayeuza mandazi wakati wa mapumziko na kudhani walimu hawajui, fikirini majina yenu leo. Wahenga hao hao wa kizuri chajiuza walituachia na nyingine: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lipo, liko wazi, na kurasa zake bado ni nyingi. Kaandikeni majina yenu kabla hayajaandikwa na mtu mwingine.